Kifuniko cha Ekzosi na Jina la Kiwanda: Mafundi Wajue Mpaka Uliowekwa na Sheria

Msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso, haukai muda mrefu bila kumhitaji fundi. Mnyororo hulika, chujio la hewa huziba kwa vumbi, na baada ya misimu michache ya kazi kifuniko cha ekzosi, yaani kile kipande cha chuma kinachofunika chombo cha kutolea moshi mbele ya injini, hupasuka kwa joto na mtikisiko au hudondoka porini pamoja na skrubu zake. Kipuri cha kiwandani hakipatikani katika kila duka, na kinapopatikana bei yake humfanya mwenye msumeno afikirie mara mbili. Ndipo anapobisha hodi kwa fundi wa karibu. Fundi mwenye tindo, tupa na mashine ya kuchomelea hukikata katika bati nene na kukikunja. Mwenye mashine ya kukerezea hukichonga kikatoka laini, chenye matundu yaliyopangika na kingo zisizokwaruza mkono, pengine kizuri kuliko kile kilichoharibika.

Kazi hiyo ni halali. Fundi hakatazwi kutengeneza kipuri cha kawaida kwa sababu tu mashine yenyewe ilitoka ng'ambo, na kwa wilaya ambayo wakulima wake hutegemea mashine za kukamua alizeti, pampu za maji na pikipiki, kila karakana inayoweza kuunda kipuri ni huduma kwa jamii nzima. Lawama haiko katika kifuniko. Iko katika maneno machache ambayo hufuata kazi inapokwisha, nayo huenda kama hivi:

"Fundi, umenitendea haki. Sasa nigongee na lile jina lake hapo juu, lionekane la kiwandani."

"Hilo tu, mzee wangu? Dakika mbili."

Katika dakika mbili hizo kazi ya halali imevuka mpaka na kuingia katika eneo la jinai. Wengi wa wanaovuka mpaka huo hawana nia ya wizi. Wanaona jina la STIHL au Husqvarna kuwa ni sehemu ya umbo la msumeno, kama ilivyo rangi au mpini, na kwamba kifuniko kisicho na jina hilo kimepungukiwa kitu. Makala haya yanaeleza kwa nini sheria haioni hivyo, na ni njia gani iliyo wazi kwa fundi anayetaka kuuza kazi yake bila hofu.

Chapa ni ya nani

Wafugaji wa mkoa huu hawahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili. Ng'ombe mwenye chapa ya boma linalosifika kwa mifugo yenye afya hupata mnunuzi mapema mnadani, kwa sababu mnunuzi hakuja na daktari wa mifugo mfukoni. Amekuja na macho yake, na macho yake yanaisoma chapa. Mtu akichukua ng'ombe wake mwenyewe, aliyemzalisha kwa haki, kisha akambandika chapa ya boma lile la jirani, hajaiba ng'ombe wa mtu. Amechukua sifa ya mtu. Amemdanganya mnunuzi vilevile, na siku ng'ombe huyo atakapoanguka kwa ugonjwa, anayeaibika kijijini ni mwenye boma ambaye hata mnadani hakuwapo. Bunge lililiona uzito wa alama za mifugo hata likatunga Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010.

Alama za biashara hufuata mantiki hiyohiyo. Jina la STIHL ni la familia iliyoanza kutengeneza mashine mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1926, na ni jina la mwanzilishi mwenyewe, Andreas Stihl. Husqvarna ya Uswidi ina asili ya mwaka 1689, ilipokuwa kiwanda cha bunduki, na ilianza kuuza misumeno ya mnyororo mwaka 1959. Kinachomfanya mkata mbao wa Ngimu au Mtinko alipe zaidi kwa ajili ya herufi hizo ni miaka hiyo yote ya mashine zilizowaka kila zilipovutwa kamba. Herufi hizo zikigongwa juu ya bati lililokatwa jana, mnunuzi hulipia historia ambayo bati hilo halina.

Sheria mbili ndizo zinazomhusu fundi moja kwa moja. Ya kwanza ni Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, Sura ya 326. Hii humpa mwenye alama iliyosajiliwa haki ya pekee ya kuitumia kwa bidhaa alizozisajilia, na humruhusu kumfikisha mahakamani yeyote anayeitumia bila ridhaa yake au anayetumia alama inayofanana nayo kiasi cha kuwachanganya wanunuzi. Mahakama inaweza kuzuia uuzaji, kuamuru fidia na kuagiza bidhaa zikabidhiwe au ziharibiwe. Mgogoro huo ni wa madai, baina ya mwenye alama na mtumiaji.

Ya pili ni kali zaidi na haijulikani sana vijijini. Ni Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, Sura ya 85, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, ijulikanayo kwa kifupi FCC. Chini ya sheria hii kughushi alama ya biashara ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili, pamoja na kutaifishwa kwa bidhaa. Wakaguzi hawalazimiki kusubiri kampuni ya Ujerumani isome habari za karakana ya Ilongero. Wanaweza kukagua na kukamata.

Jambo ambalo mafundi wa chuma wanapaswa kulisoma mara mbili ni hili: sheria hiyo haiishii kwenye kifuniko. Inagusa pia kifaa kilichotumika kuweka jina. Kutengeneza muhuri wa chuma, kalibu au chombo kingine chochote kwa ajili ya kughushi alama ni kosa linalojitegemea, hata kama hakuna kifuniko kilichokwisha kuuzwa. Fundi wa kukerezea anayeletewa kazi ya kuchonga muhuri wenye jina la kampuni, naye akadhani yake ni kazi ya mkono tu na dhambi ni ya aliyemtuma, amejiweka katika hatari sawa na mwenzake. Wa tatu katika mnyororo huo ni mwenye duka. Kuweka rafuni au kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi ni kosa, na anayejitetea kwamba hakujua huwa na nguvu zaidi akiwa na risiti, jina la aliyemuuzia na ushahidi kwamba aliuliza.

Kubadili herufi moja hakusaidii. Wapo wanaodhani kwamba kuandika STIHI, au kuchora maandishi yaliyolala kwa mtindo uleule kisha kuongeza nukta, kunaondoa kosa. Kipimo cha sheria ni mteja wa kawaida anayenunua kwa haraka, asiye na kipuri halisi mkononi cha kulinganishia. Huyo akichanganyikiwa, kufanana kumetosha. Hata rangi inaweza kuwa alama: kampuni ya STIHL ilipigania usajili wa mchanganyiko wake wa rangi ya chungwa na kijivu hadi katika Mahakama ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2021 ilipata hukumu iliyoubatilisha uamuzi wa awali uliokuwa umeufuta usajili huo.

Maneno yaliyoanza kama adhabu

Sheria ya mwaka 1963 haikuzuka patupu. Ina mizizi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliyobeba jina kama hilo, na kisa cha sheria ile kinawahusu mafundi wa chuma kuliko watu wengine wote. Wafua visu wa mji wa Sheffield walikuwa wakilalamika kwamba visu vilivyotengenezwa Ujerumani, hasa Solingen, vilikuwa vikiingia sokoni vikiwa na jina la Sheffield. Visu vya Sheffield vilisifika. Vya Ujerumani wakati huo vilidharauliwa kuwa ni rahisi na duni. Bunge la Uingereza likaweka masharti kwamba bidhaa ya kigeni isibebe alama ya kumfanya mnunuzi aidhani ya Kiingereza, na hivyo bidhaa za Ujerumani zikaanza kuandikwa kwamba zimetengenezwa Ujerumani.

Nia ilikuwa kumwonya mnunuzi. Ila Wajerumani, walipolazimika kuuza kwa jina lao wenyewe, waliboresha kazi, na haikupita miaka mingi maneno yale ya onyo yakawa sifa ambayo wanunuzi walikuwa wakiitafuta. Leo fundi wa Singida anayegonga maneno hayohayo kwenye kifuniko cha ekzosi anaiga sifa ambayo wenyewe waliipata siku walipoacha kuiga majina ya watu. Kwa bahati mbaya kugonga nchi ya uongo nako ni kosa, kwa kuwa sheria inakataza maelezo ya uongo kuhusu mahali bidhaa ilipotengenezwa, sawa na inavyokataza alama ya kughushi.

Je, kwa kipuri hali si tofauti?

Swali hili huulizwa na mafundi wenye akili ya kuhoji, nalo si la hapa peke yake. Marekani na Kanada wapo wapenzi wa misumeno wanaoagiza vifuniko vya alumini vilivyochongwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, vikiwa na michoro na majina wanayoyapenda, na wachongaji wa huko hukutana na utata uleule. Hoja ya fundi ni kwamba kipuri hakina maana bila mashine yake. Kifuniko kilichotengenezwa kwa ajili ya msumeno wa STIHL hakiwezi kufungwa kwenye cherehani. Basi atamwambiaje mteja kwamba kinafaa wapi bila kulitaja jina?

Hoja hiyo ina uzito, na mahakama za nchi mbalimbali zimeichambua. Hukumu za Ulaya hazifungi mahakama za Tanzania, lakini zinaonyesha vizuri mahali mstari unapopita. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilishughulikia kesi ya nyembe za kampuni ya Finland zilizokuwa na kibandiko kinachoeleza kwamba zinaingia kwenye mishikio ya Gillette. Mahakama ilikubali kwamba muuzaji anaweza kulitaja jina la mwingine inapokuwa ni lazima ili mnunuzi aelewe matumizi ya bidhaa, mradi afanye hivyo kwa uaminifu na asijenge picha kwamba kuna uhusiano wa kibiashara baina yao.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2015, ilikuja kesi ya vifuniko vya magurudumu. Kampuni ya Italia iliyoitwa Wheeltrims ilikuwa ikiuza vifuniko vyenye nembo ya Ford na kudai kwamba bila nembo gari halirudi katika sura yake ya awali. Hoja ilikuwa ileile ya mzee aliyetaka jina lionekane la kiwandani. Mahakama ilijibu kwamba haki ya kutengeneza kipuri cha kurejesha umbo la gari haibebi ndani yake haki ya kuweka alama ya biashara ya mwingine. Mwezi Januari 2024 mahakama hiyohiyo ilikwenda hatua zaidi katika kesi ya Audi dhidi ya mfanyabiashara wa Poland. Huyu hakuweka hata nembo. Aliuza vizuizi vya mbele vya magari ya zamani vikiwa na sehemu ya kupachikia nembo iliyochongwa kwa umbo la nembo yenyewe. Mahakama ilisema kwamba hata umbo hilo linaweza kuwa matumizi ya alama ambayo mwenyewe ana haki ya kuyazuia.

Sheria za nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Kiingereza zina kanuni ya namna hiyo kwa vipuri na vifaa vya ziada: taja jina inapobidi ili kueleza kinachofaa wapi, usilitumie kueleza kimetoka wapi. Kwa fundi wa kawaida tofauti hiyo huonekana katika mahali na sura ya maandishi. Karatasi iliyobandikwa kwenye kifungashio, yenye maneno ya kawaida yasemayo "Kifuniko hiki kinafaa msumeno wa STIHL MS 070. Kimetengenezwa Singida. Si bidhaa ya STIHL", inamweleza mnunuzi ukweli wote anaouhitaji. Herufi zilezile zikichimbwa kwenye chuma chenyewe, kwa mwandiko ule wa kiwandani, zinamweleza uongo. Ubao wa karakana nao uandikwe kwa busara. "Tunatengeneza misumeno ya aina zote, zikiwamo STIHL na Husqvarna" ni maelezo ya huduma. Ubao uliopakwa rangi ya chungwa wenye nembo kubwa ya kampuni humfanya mpita njia adhani hapo ni kwa wakala aliyeidhinishwa.

Fundi anayekarabati kifuniko halisi, akakichomelea ufa wake na kukirudisha kwa mwenyewe, hana wasiwasi wowote. Jina lililopo ni la kiwanda kilichokitengeneza na limebaki mahali pake. Anayefufua msumeno mzima kwa vipuri mchanganyiko na kuuuza anapaswa kumwambia mnunuzi kwamba ni mashine iliyokarabatiwa, na ni vyema akaandika hivyo katika risiti.

Na yule mzee wa dakika mbili? Msumeno ni wake, kifuniko kimelipiwa, wala hakusudii kukiuza. Hata hivyo fundi amelipwa kwa kazi ya kuweka jina, na kifuniko hicho kitabaki duniani: msumeno utauzwa siku moja, na mnunuzi wa pili hatajua habari zake. Jibu la heshima ni kumwambia, "Mzee wangu, hilo jina lina mwenyewe. Nikuchongee lako." Jina la mwenye msumeno au herufi zake za kwanza zikichimbwa vizuri kwenye chuma hazivunji sheria yoyote, na zina faida ambayo jina la kiwanda halina: msumeno ukiibwa, kituo cha polisi kitakuwa na alama ya kuutambulia.

Jina bandia na moto wa kweli

Ipo sababu nyingine ya jina kubaki la mwenye kazi, nayo haina uhusiano na haki za kampuni yoyote. Ekzosi ya msumeno si pambo. Injini yake huchoma mchanganyiko wa petroli na oili, na gesi zinazotoka huwa na joto la mamia ya nyuzi. Katika misumeno mingi kifuniko ndicho kinachoelekeza gesi hizo mbali na mikono ya mwendeshaji, kinachopunguza kelele, na kinachoshikilia wavu mdogo wa kuzuia cheche. Wavu huo ni mwembamba na wengi huutupa ukiziba masizi, badala ya kuusugua kwa brashi na kuurudisha.

Msumeno bila wavu huo, katika nyasi kavu za mwezi wa Septemba, unaweza kuwasha moto ambao aliyeuwasha hatauona hadi umemzidi. Wakazi wanaoishi kandokando ya msitu wa Mgori, ambao vijiji vyake vilianza kushiriki kuusimamia katika miaka ya 1990, wanajua moto wa kiangazi unavyofanya kazi: hauchagui mti wa mbao wala mzinga wa nyuki. Asali ya Singida, inayotafutwa hadi nje ya mkoa, hutoka katika miti hiyohiyo.

Kwa hiyo fundi anayetengeneza kifuniko aanze na matundu. Yakiwa makubwa kuliko ya awali, injini hupumua tofauti na mafuta yake huhitaji kurekebishwa. Isiporekebishwa inaweza kupata joto kupita kiasi na kuunguza pistoni. Yakiwa madogo, nguvu hupungua. Alumini iliyoyeyushwa kutoka sufuria na pistoni kuukuu huonekana nadhifu baada ya kukerezwa, lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na hupoteza nguvu zake mapema kabla ya kufika hapo. Kwa sehemu inayogusa moto moja kwa moja chuma hustahimili zaidi. Kelele nayo isipuuzwe. Sauti ya msumeno hupita desibeli 100, ilhali madhara kwa masikio huanza kuhesabiwa kwenye desibeli 85 kwa mtu anayekaa ndani yake saa nane za kazi. Kifuniko kilichotobolewa ovyo huongeza kelele hiyo, na mwendeshaji asiye na vizibo vya masikio hulipa taratibu, mwaka baada ya mwaka.

Sasa fikiria kifuniko cha namna hiyo kimepasuka na kuunguza mkono wa mtu, nacho kina jina la kampuni ya Ujerumani. Majeruhi hajui ampelekee nani malalamiko. Fundi aliyekitengeneza hajui kwamba kazi yake ina kasoro, na ataendelea kutengeneza vingine kwa kipimo kilekile. Jina la kweli kwenye kipuri ni njia ya habari kurudi karakanani, ziwe za sifa au za lawama.

Kusajili alama yako

Fundi ambaye vifuniko vyake vinaulizwa na watu wa kata za jirani tayari ana mali ambayo hajaiandikisha. Usajili wa alama za biashara kwa Tanzania Bara hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, na maombi hupokelewa kwa njia ya mtandao, hivyo hakuna haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam. Mwombaji anahitaji namba ya kitambulisho cha Taifa, mchoro au jina la alama, na orodha ya bidhaa anazotaka kuzilinda. Bidhaa zimegawanywa katika madaraja. Misumeno ya injini na ekzosi za mashine zimo katika daraja la 7.

Kabla ya kuomba, mwombaji afanye upekuzi kuona kama alama inayofanana na yake imekwisha kusajiliwa. Msajili akiridhika na ombi huitangaza alama katika jarida lake, na watu wengine hupewa siku 60 za kuweka pingamizi. Pasipokuwa na pingamizi, cheti hutolewa. Usajili hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10 kila mara, na unaweza kuendelea hivyo bila kikomo. Alama iliyosajiliwa Bara hailindwi Zanzibar, ambako usajili una ofisi yake.

Alama ikubalike ni lazima iwe na upekee. "Kifuniko Imara" ni sifa ambayo kila fundi ana haki ya kuisema, hivyo ni vigumu mtu mmoja kuimiliki. Jina la mahali peke yake, kama Singida, nalo huleta ugumu huohuo, ingawa halizuii kuandika ukweli kwamba bidhaa imetengenezwa Singida. Jina la kubuni, jina la ukoo lililoandikwa kwa mtindo wa pekee, au mchoro rahisi unaoweza kugongwa kwa muhuri mmoja hufaa zaidi. Ndege, jembe, mwamba wenye umbo linalojulikana kijijini, vyote vinawezekana. Nembo ya Taifa na bendera haziguswi.

Hapa kuna kosa ambalo limewaponza wafanyabiashara wengi. Cheti cha jina la biashara si cheti cha alama ya biashara. Vyote viwili hutolewa na BRELA, na jina linalosomeka linaweza kuwa moja, lakini cha kwanza huitambulisha biashara mbele ya mamlaka na benki, wakati cha pili ndicho kinachompa mwenye nacho nguvu ya kumzuia mwingine asiigonge alama hiyo kwenye bidhaa. Leseni ya biashara ni kitu cha tatu tena, na hakuna kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya kingine. Vilevile alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, haigongwi na yeyote asiye na leseni ya shirika hilo. Umbo la baadhi ya sehemu za mashine mpya linaweza pia kulindwa kwa hataza. Anayekusudia kuzalisha kwa wingi aulize kabla hajanunua chuma.

Haya hayawahusu mafundi wa chuma pekee. Anayekamua alizeti na kujaza mafuta yake katika madumu yenye lebo ya kampuni nyingine, na mfugaji wa nyuki anayetia asali katika chupa yenye jina la mwenzake, wote wamo ndani ya sheria zilezile za mwaka 1963 na 1986. Dumu lililotumika linaweza kutumika tena likiwa safi na linafaa kwa chakula, lakini lebo ya zamani ing'olewe yote, isibaki hata nusu.

Kwa upande wa mitaji, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanaoendesha karakana wanaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Ofisi ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, iliyopo Singida mjini, hutoa ushauri wa kiufundi na wa masoko, na Afisa Biashara wa Halmashauri humsaidia mwombaji asiye mzoefu wa mtandao kupitia hatua za BRELA. Huduma ya kuelekezwa ni bure. Ada za usajili hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali pekee, wala si mkononi mwa mtu.

Mafundi na wenye maduka walio na vifuniko vyenye majina ya kampuni wasizozifanyia kazi wanashauriwa kuyafuta majina hayo kwa tupa au mashine ya kusagia kabla ya kuviuza, kwa kuwa kifuniko chenyewe bado ni mali halali. Mihuri ya majina hayo haina matumizi halali na isihifadhiwe karakanani. Aliyetengeneza muhuri kwa oda ya mtu mwingine, na ambao bado haujachukuliwa, asiukabidhi. Ausage, kisha amweleze mteja sababu.